Valvu Iliyokaa Barazani

Kazini walimwita Bi Nukta, kwa kuwa kila kifaa cha idara ya maji, kuanzia bomba hadi mita, alikigeuza kuwa nukta katika ramani ya kompyuta. Mafundi hawakushika sululu kabla ya kuutazama mfumo huo wa taarifa za kijiografia.

Asubuhi moja bomba lilipasuka katika mtaa aliozaliwa. Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, wenzako wamekuja na sululu. Wanasema chini ya baraza langu kuna valvu ya kufungia maji."

"Valvu gani, mama?"

"Unaniuliza mimi? Ramani si yako?"

Baraza hilo lilijengwa na marehemu baba yake. Pembeni, katika saruji, palikuwa na alama ya kiganja cha utotoni cha Bi Nukta, ambacho baba alikibonyeza mwenyewe saruji ikiwa mbichi.

"Mpe msimamizi simu, mama. Upesi!"

"Dada, hapa hatubahatishi," msimamizi akasema. "Nukta iko barazani kabisa."

Bi Nukta akafungua ramani. Ni kweli, tena aliyeiweka nukta ile ni yeye. Akaikumbuka siku yenyewe: jua kali, mama akamwita anywe chai, naye, kikombe mkononi, akaibonyeza simu ya kazini huku akiitazama valvu kwa mbali. Simu haijui unatazama nini. Hurekodi pale uliposimama.

"Kaka, tafadhali, usipige hata pigo moja. Hapo nilisimama mimi, nikinywa chai. Valvu iko ng'ambo ya barabara, kando ya mtaro. Fukua mchanga, utaona mfuniko wa chuma."

"Kumbe tulitaka kuchimbua chai!"

Vicheko vikasikika, kisha mikwaruzo ya sepetu, kisha mlio wa chuma. Valvu ikafungwa, maji yakatulia.

Jioni Bi Nukta alikwenda kwa mama yake. Wakaketi barazani, naye akaisogeza nukta hadi mahali pake. Mama akachungulia kioo cha simu.

"Sasa mimi umenifuta?"

"Hujafutwa. Mita yako hii hapa."

"Mita ndiyo mimi?"

Bi Nukta akacheka, akamwegemea begani. Kidole chake kilikuwa kikizunguka taratibu ndani ya kile kiganja kidogo cha saruji.

"Chai ipo, mama?"

"Ipo. Lakini hiyo simu kaiweke ndani kwanza."