Swichi ya Nje, Usizime

Nilizinduka saa kumi alfajiri nikijiuliza kama nilikuwa nimeiwasha tena swichi ya nje.

Nilikuwa chini ya mablanketi matatu na koti, pua imepoa kama si yangu. Nilikumbuka kuwasha friji. Nilikumbuka televisheni, mikrowevu, na simu ya mezani iliyolia mlio mmoja stima iliporudi. Nilijiona pia nimeinama nje kando ya tangi la maji ya moto, kidole kwenye swichi. Lakini kidole hicho kilikuwa kinazima au kinawasha? Nilizima alasiri, kukiwa bado na mwanga, na katika picha niliyoiona kulikuwa na kurunzi. Basi kurunzi ilikuwa ushahidi kwamba nilirudi kuwasha. Nikatulia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba jioni nilitoka na kurunzi hiyo hiyo kuinua pipa la taka lililoangushwa na upepo, na utulivu ukaisha.

Mtu mwingine angeinuka akaenda kutazama. Mimi nililala pale nikipima. Nikiikuta imewashwa, nitakuwa nimetoka kitandani bure. Nikiikuta imezimwa, nitaiwasha, lakini maji huenda yameshaganda, na sijui pampu hufanya nini ikisukuma barafu. Labda huungua. Kwa hiyo afadhali nisijue mpaka kupambazuke. Nilijua kwamba hoja hii ina tundu mahali, ila sikulipata.

Shida ni kwamba nyumba haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja Mkenya, nesi, rafiki wa mama yangu tangu wakiwa wasichana, niliyekuwa namwita Anti. Aliipata kwa shifti za usiku za miaka mingi, huko Quakers Hill, pembeni mwa jiji la Sydney, Australia, ambako majira ya baridi asubuhi nyasi huwa nyeupe, na watu wanaoishi karibu na bahari ukiwaambia hawakuamini. Alikuwa amenichukua baada ya mimi kumaliza chuo kikuu, nikiwa na digrii ya takwimu na bila kazi. Baba yake alipofariki ilimbidi arudi Kenya kwa wiki tatu. Binamu zake wawili waliomba wakae humo wailinde nyumba. Akawakatalia, akaniachia mimi funguo. Kanisani aliwaambia watu nikiwa nimesimama hapo hapo: "Huyu kijana anafikiria kabla ya kugusa kitu." Nilifurahi, kisha kwa siku mbili nikawa najiuliza kama ilikuwa sifa.

Aliondoka kama nesi anavyoondoka zamu yake ikiisha, yaani aliacha ripoti. Karatasi mbili kwenye mlango wa friji, kwa herufi kubwa. Pipa jekundu litoke Jumatatu usiku. Mmea wa sebuleni upewe kikombe kimoja tu, matumizi ya maji yamewekewa vizuizi. Maji baridi yanayotangulia bafuni yakingwe kwa ndoo. Na chini kabisa, pamepigwa mstari mara mbili: SWICHI YA NJE KANDO YA TANGI, USIZIME. NI YA PAMPU. BARIDI.

Kwa mdomo alinieleza zaidi. Maji ya nyumba ile yalipashwa moto na jua, kwenye paneli zilizolala juu ya paa zikielekea kaskazini. Mchana pampu hupandisha maji yakapate joto, kisha huyarudisha kwenye tangi. Usiku wa baridi kali pampu hiyo hiyo hujiwasha yenyewe na kuzungusha maji ya moto kidogo kidogo, ili yale ya paani yasigande. Yakiganda hutanuka, na bomba la shaba hupasuka. Nilimsikiliza nikiitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimekulia Nakuru, na barafu niliyoijua ni ile ya friza.

Stima ilikatika kwenye saa nane mchana, upepo ulipoangusha tawi la mti juu ya nyaya mwisho wa mtaa wetu. Nilifanya kilichokuwa kinafanywa kwetu tangu nikiwa mtoto: nilizima kila kitu. Kwetu stima ikipotea, mama hupaza sauti akiwa jikoni, nasi tunatawanyika vyumbani, maana ikirudi huweza kurudi na nguvu za ajabu. Iliwahi kutuunguzia friji na redio siku moja. Kwa hiyo nilipita ukutani, soketi baada ya soketi, bila kuwaza, mpaka nikafika nje kando ya tangi.

Hapo niliikumbuka karatasi. USIZIME. Lakini stima yenyewe ilikuwa imezimika. Je, ukikizima kitu kilichozimika, umekizima? Na stima ikirudi kwa nguvu ikaiunguza pampu, nitamwambia Anti nini, kwamba niliiona hatari nikaiacha kwa sababu ya karatasi? Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili swichi. Halafu nikaizima, nikaingia ndani nikiwa nimeridhika.

Katika chumba cha uani aliishi mpangaji wa Anti, mama wa Kirundi aliyepitia kambi za Kigoma kabla ya kuletwa Australia. Alifanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee kule Lidcombe. Kila mtu alimwita Mama tu. Jioni ile aliwasha jiko la mkaa uani, akateleka chai na maharage, nami nikasogea. Baridi ilipozidi nikasema labda tuliingize jiko ndani.

"Digrii," aliniambia, maana hakuniita jina lingine, "weye unataka wazungu watukute asubuhi tumekufa wawili, waandike kwenye gazeti kwamba tulikuwa tunapika?"

"Tungefungua dirisha."

"Ukifungua dirisha, si ndiyo nje hii hii?"

Aliondoka kuwahi treni. Akiwa langoni aligeuka: "Umeme ukirudi, frigo yangu. Kuna nyama ya mbuzi mule. Usisahau nyama."

Ulirudi saa mbili usiku. Nilikimbia na kurunzi moja kwa moja mpaka chumba cha uani, nikilipita tangi, nikaiokoa nyama. Kisha nikarudi ndani kuwasha vingine. Upepo ulikuwa umekwisha, mawingu yametawanyika, nyota zimejaa. Nikaona ni usiku mzuri.

Saa kumi na mbili nilivaa viatu nikatoka. Nyasi zilikuwa nyeupe, na zilivunjika chini ya miguu kwa sauti ya karatasi kavu. Swichi ilikuwa imezimwa.

Nadhani nilisimama hapo robo saa. Nilikuwa nimetumia saa mbili nikijitayarisha kwa jibu hilo, na lilipokuja halikunipa neno lolote la kufanya. Niiwashe? Nisiiwashe? Niliingia ndani nikachukua kijitabu cha mtambo kwenye droo. Kilieleza kwa urefu mambo ya kutofanya. Kwa mtu aliyekwisha kufanya hakikuwa na mstari hata mmoja. Kilisema marekebisho yote yafanywe na fundi bomba mwenye leseni. Ilipofika saa moja nikaanza kupigia mafundi. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alikuwa na haraka, kila mtu alikuwa anamtafuta kwa sababu ya dhoruba.

"Inavuja?" aliuliza.

"Sijui."

"Sasa unanipigia kwa nini?"

"Huenda imepasuka, ila haiwezi kuvuja mpaka barafu iyeyuke."

"Rafiki, hapa ni Sydney," akasema. "Nipigie ikivuja." Akakata.

Hilo lilinichanganya zaidi kuliko yote. Yeye ndiye mwenye leseni. Lakini kama Sydney hakuna kuganda, kwa nini waliotengeneza mtambo waliupa pampu ya kuzuia kuganda? Nilitoka tena kuzitazama paneli. Vioo vyake vilikuwa vimefunikwa na ukungu mweupe ulioganda, na sikuweza kuona kitu nyuma yake. Jua lilikuwa limeanza kugusa ncha ya paa la jirani. Likifika kwetu barafu itaanza kuyeyuka, kama ipo. Na bomba litamwaga maji chini ya vigae mpaka kwenye dari ya Anti, kama limepasuka. Kila sentensi kichwani mwangu ilikuwa na "kama" mbili.

Mama alinikuta hivyo, yeye akitoka kazini na mfuko wa mkate mkononi.

"Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Nikamweleza yote, kuanzia swichi hadi "hapa ni Sydney". Alinisikiliza huku akitazama paa.

"Nyama je?"

"Nyama iko salama."

"Haya. Sasa kwa nini unahangaika? Si umeme ulikatika? Sema umeme ulikatika. Mtaa mzima ulikuwa giza, nani atakuuliza swichi?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Niliyewaza kila kitu usiku kucha sikuwa nimewaza kwamba nilikuwa nimepewa kisingizio bure, tena cha kweli. Pampu haikufanya kazi kwa sababu hakukuwa na stima. Hakuna mtu duniani angekitilia shaka. Nilianza kuipanga sentensi kichwani: Anti, kulikuwa na dhoruba, stima ikapotea, na usiku ule ule baridi ikashuka. Hakuna neno la uongo ndani yake. Niliirudia mara tatu nne, ikawa inapendeza zaidi kila mara.

Kisha nikaanza kuipima, maana siwezi kukiacha kitu kikapendeza kwa amani. Stima ilirudi saa mbili na baridi ilikuja baadaye. Nikisema stima, Anti atadhani kwamba mtambo wake una kosa. Atamwita fundi aikague pampu isiyo na ugonjwa, na kila dhoruba ikija atakuwa kazini usiku akiliwazia paa lake. Na ataendelea kuwaambia watu kanisani ninavyofikiria kabla ya kugusa vitu. Kwa upande mwingine, baba yake hajazikwa bado. Nani humpigia mfiwa kumweleza habari za swichi? Labda ningoje. Labda bomba ni zima na hakuna cha kueleza. Lakini nikingoja nione kama limepasuka, na nikisema ukweli pale tu usiponigharimu, huo utakuwa ukweli wa namna gani?

"Mama, wewe ungesema nini?"

"Mie ningesema umeme," alijibu bila kusita, akifungua mlango wake. "Lakini mie nikilala, nalala. Weye utasema umeme, halafu utakaa miaka kumi unalihesabu hilo neno." Aliingia ndani kutazama nyama yake.

Jua lilifika kwenye ukingo wa paa letu. Muda si mrefu tone la kwanza likaanguka kutoka kwenye mfereji wa paa, likatoboa kidoti cheusi kwenye nyasi nyeupe. Kisha la pili. Nililitazama kwa makini yote niliyojaliwa. Huenda ilikuwa ile barafu nyembamba ya juu ya vigae inayeyuka. Huenda ilikuwa bomba. Tone ni tone, halikuwa na alama.

Ndipo nilipoacha. Sijui niseme nini zaidi, kwa sababu sikupata hoja mpya. Nilikwenda kwenye tangi, nikavua soksi moja nikaizungushia koki za shaba ambazo zilikuwa zimekaza kwa baridi, nikaifunga ile ya maji yanayopanda paani na ile ya yanayoshuka. Kama kuna ufa, basi utamwaga kilichomo tu. Sikuigusa swichi. Niliingia ndani na mguu mmoja umelowa, nikachukua kadi ya simu ya kukwangua iliyokuwa imebaki na dakika chache, nikabonyeza ile mistari ya tarakimu. Nilikosea mara moja, nikaanza upya.

Ilikuwa saa mbili kasorobo ya asubuhi hapa, saa saba kasorobo ya usiku Kenya. Nilitumaini kidogo kwamba amelala. Lakini walikuwa matangani, na nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakiimba na mtu akigombana na sufuria.

"Ni wewe?" aliuliza Anti. "Kuna nini nyumbani?"

Kupitia dirisha la jikoni matone yalikuwa yanaongeza kasi, na bado sikujua ni ya nini.

"Anti," nilisema, "pole kwa saa hizi. Jana stima ilipotea, ikarudi. Lakini swichi ya nje niliizima mimi, na nikasahau kuiwasha."