Paja la Nguruwe wa Nshamba

Kamati iliponiomba niandike historia ya chama chetu cha wawindaji na wavuvi, nilikubali haraka mno. Mimi ndiye katibu, na mwandiko wangu wanausifu. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa wasije wakampa yeye.

Yeye ni jirani yangu hapa Ijuganyondo. Tulipata kipaimara siku moja, tukaingia chamani siku moja, na tangu hapo hajaacha kunipita. Tukienda ziwani tunakaa bega kwa bega, chambo kile kile, ndoana yake inavuta sangara, yangu inavuta magugu. Kwenye visiwa vya Muleba, wavuvi waliotoka mikoa mingine, wasiojua hata salamu ya Kihaya, wakiniona nashuka peke yangu huuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Hata mke wangu, nikirudi, hutazama kwanza mikono yangu, kisha anasema, "Na shemeji leo kapata nini?" Niliwahi kumwombea avunjike mguu. Si vibaya sana, wa msimu mmoja tu.

Nguruwe pori wa kwanza wa chama tulimuua Nshamba. Wakulima wa huko walituita baada ya nguruwe kufukua mihogo na kuharibu vibanja vyao vya migomba. Tukapata kibali, tukaenda na mbwa na mikuki. Yule mnyama alitokea upande wangu, karibu kabisa. Nilirusha mkuki, ukampita juu ya mgongo ukachoma mgomba. Wa jirani yangu ulimwingia ubavuni. Kwetu, mwenye mkuki wa kwanza huchukua paja la nyuma la kulia. Alilibeba begani hadi kwenye gari, damu ikichuruzika kwenye shati, naye anacheka. Roho iliniuma wiki nzima.

Basi katika historia niliandika kwamba mkuki wa kwanza ulikuwa wangu. Wengi waliokuwepo siku ile wamekwisha kufa, na vijana walioingia baadaye hawajui lolote. Yeye nilijiambia atakuwa amesahau, maana ushindi wake ni mwingi, huu mmoja wa nini?

Tuna desturi nyingine. Kabla nyama haijakatwa, kiongozi huuliza mara tatu kama kuna mwenye neno. Kisu kikishaingia, ubishi umekwisha, na hata aliyedhulumiwa haruhusiwi kuufufua tena maisha yake yote. Siku ya sherehe ya chama tulichinja mbuzi, na alikuwa ananing'inia uani, amekwisha kuchunwa, nilipomaliza kusoma. Mwenyekiti akasimama na kisu. Alisema paja la mbuzi huyu, kwa heshima ya historia tuliyoisikia, liende kwa mkuki wa kwanza wa Nshamba.

"Nani ana neno?"

Akauliza mara ya pili. Nilikuwa natazama karatasi zangu kana kwamba sijawahi kuziona. Alipouliza mara ya tatu, jirani yangu akainuka.

"Waitu, ndugu zangu, mimi sina ubishi," alisema. "Mpeni paja lake. Mwenzangu amelitamani miaka mingi."

Vijana wakapiga makofi, wakidhani ni utani wa marafiki. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwepo Nshamba, alinitazama kidogo, kisha akakata.

Sasa vijana wakitaka habari za nguruwe yule huja kwangu, nami nawasimulia. Jirani yangu hukaa hapo hapo akisikiliza, anatabasamu, hajawahi kunisahihisha hata neno moja. Nilidhani wivu ungeisha. Umezidi. Zamani nilimwonea wivu kwa alivyopata. Siku hizi namwonea wivu kwa sababu aliweza kunipa kile nilichokuwa namwibia, akarudi nyumbani mikono mitupu, akala chakula chake kwa amani.