Chumba cha Mapumziko cha Panya

Wifi yangu, dada wa mume wangu, kazi yake ni kulea panya. Msicheke. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikamwambia, "Wenzio wanawafukuza panya, wewe unawanywesha maji!" Akanibetulia mdomo: "Hawa ni panya wa utafiti, wifi. Wamekuzidi elimu."

Kumbe kweli. Kuna daktari anachunguza jinsi fadhaa inavyolegeza msuli wa moyo, hadi moyo unavimba kwa chini kama mtungi. Mtu huwezi kumtia fadhaa makusudi ukamwangalia moyo, ndiyo maana panya. Siku ya kwanza alimwonyesha wifi vyumba viwili. "Hiki ni cha mkazo, panya wanabanwa kwenye bomba saa moja kila siku. Kile ni cha mapumziko."

Wifi akafurahi. Kazi ina chumba cha mapumziko!

Basi ikifika saa nne, huyo, anaingia na chupa yake ya chai, anavua viatu, anampigia simu shoga yake. Na sauti ya wifi! Akinong'ona, jirani wa nyumba ya tatu anaitika. Akifika penye utamu anapiga kibao juu ya vizimba: pa! Wale wa mkazo, maskini, aliwaonea huruma. Kila akiwatoa kwenye bomba anawapapasa, anawaimbia.

Mwezi wake wa tatu kazini, wiki ileile ya kuamuliwa kama ataajiriwa moja kwa moja au arudi nyumbani, daktari akaipiga picha ile mioyo. Wa mkazo, wazima kama chuma. Wa mapumziko, mitungi mitupu.

"Nani anaingia chumba cha pili?"

"Mimi, Daktari. Napumzika."

"Unapumzikaje?"

Wifi uongo wa haraka haujui. Akamwonyesha: chai, viatu, simu, masengenyo, pa! Panya mmoja akaanguka chali.

Daktari akavua miwani. "Mama, huyo unayemsema hivyo ni nani?"

"Wifi yangu."

Mimi!

Utafiti umeanza upya, na panya wapya. Wifi ameajiriwa: sasa anapumzikia chumba cha mkazo, saa moja kila siku, na bomba limetupwa. Juzi kaja kwangu mpole kama maji ya mtungini, anauliza kama nina jambo lolote la kumuudhi, maana maneno yamemwishia.

Nimemwambia avumilie hadi Jumapili, nitamtembelea.