Betri Chungu ya Mwalimu Eliona

Mwalimu Eliona wa Mwika alikuwa na sufuria kumi na mbili za shughuli stoo kwake. Mali ilikuwa ya umoja wa wanawake wa usharika, lakini ufunguo ulikaa kiunoni mwake tangu siku marehemu mumewe, Mzee Isack, aliponunua iliyo kubwa kuliko zote na kuitoa mbele ya madhabahu. Hiyo wanawake waliiita Askofu, kwa sababu ikiingia jikoni, nyingine zote husogezwa kando kuipisha. Ubavuni mwake fundi alichonga jina la ukoo. Hakukuwa na msiba wala harusi pale ambapo jina hilo halikukaa juu ya mafiga likipikia watu, na mjane aliona kumbukumbu hiyo inapita msalaba wa marumaru, kwani msalaba haujawahi kumshibisha mtu.

Alifundisha baiolojia miaka thelathini na minne, na kustaafu hakukumpunguzia kitu. Bado alivaa soksi kwenda kukata majani ya ng'ombe. Bado alisahihisha matangazo ya kanisani kwa kalamu nyekundu, akayarudisha kwa katibu yakiwa na alama. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuja umenyooshwa pasi.

Tabu ya sufuria ya shughuli ni kwamba haina kwao. Leo iko msibani, kesho ubatizoni, keshokutwa imelala kwa mtu aliyesahau kuirudisha. Ndiyo maana Rachel, binti yake anayefanya kazi Dodoma, alimletea kifuatiliaji, kidude cheupe kilicholingana na kifungo cha koti.

"Mama, unakishona kwenye ule mfuko wa turubai wa Askofu," Rachel alimweleza. "Ukikikaribia, kama hatua hamsini hivi, simu yako inakisikia na inalia. Halafu inakumbuka mahali ilipokisikia mara ya mwisho."

Mwaka mzima kidude kilifanya kazi kuliko mzee wa kanisa. Mwalimu alipita njiani na simu mkononi, na wenye kuchelewesha sufuria wakaanza kuzirudisha kabla hazijapoa. Kisha kikanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha.

Akateremka Moshi hadi kwa Primus, fundi saa aliyekaa chini ya mwavuli upande wa Mawenzi, akiuza betri zilizokwisha kutolewa kwenye pakiti zake na kuchanganywa katika kopo la maziwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka betri ya hiki."

Primus alikifunua kwa ukucha, akachokonoa kopo, akatoa betri ya duara iliyofanana na ile ya zamani, ila nyembamba. Ilicheza ndani kama jino bovu. Akakunja kipande cha karatasi ya sigara, ile ya kung'aa, akakitandika chini yake.

"Unafanya nini?"

"Naijazia, Mwalimu. Imepungua unene kidogo tu."

"Sitaki betri yenye godoro. Nipe inayoenea."

Akachokonoa tena. Safari hii akapata yenye unene uleule na namba zilezile. Lakini Primus hakuuza betri bila kuipima, na kipimo chake kilikuwa ulimi. Betri nzima humchoma kidogo, kama chumvi. Iliyokufa haina ladha. Aliilamba, akafumba jicho moja, akageuka kutema.

"Mwalimu! Hii ina moto! Tangu nianze kazi sijakutana nayo!"

Mwanasayansi hakubali neno la mtu bila jaribio. Mwalimu Eliona alitazama kushoto na kulia kuhakikisha hakuna mtu wa Mwika, akaifuta betri kwa leso, akaigusisha ncha ya ulimi. Uchungu ulipanda hadi masikioni. Ulikuwa uchungu wa mwarobaini uliochemshwa na kwinini, na haukuwa na haraka ya kuondoka.

"Umeona?" Primus alisema.

"Nimeona," alijibu, machozi yakimlengalenga. "Dawa kali ndiyo huwa chungu. Weka hiyo hiyo."

Primus akaiweka, akakandamiza kifuniko kwa dole gumba, na kidude kikalia. Mwalimu alipanda Mwika na ulimi uliokufa ganzi na moyo uliotulia.

Siku chache baadaye baba mkwe wa Priska alifariki. Priska alikuwa mama wa makamo, mwenye mdomo mwepesi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Askofu ikapelekwa kwake pamoja na mfuko wake. Siku ya mazishi Mwalimu aliingia uani kwa Priska, simu ikalia mara moja, naye akaridhika. Kesho yake akaenda Uru kumuuguza dada yake. Aliporudi baada ya wiki tatu, stoo ilikuwa na sufuria kumi na moja.

Ubaya ni kwamba kipaimara kilikuwa kimekaribia, na watoto arobaini hawapikiwi kwa sufuria ndogo zilizobaki. Magdalena, mwenyekiti wa umoja, alikuja mwenyewe.

"Mwalimu, sitaki tukosane. Lakini Askofu isipopatikana hadi Jumamosi, itabidi kikao kitafute nyumba nyingine ya kutunza vyombo."

Nyumba nyingine! Mwalimu Eliona hakulala mchana ule, na kwake kulala mchana kulikuwa amri ya daktari. Kunyang'anywa ufunguo ni kumnyang'anya Isack jina lake, na watu wangesema ukoo mzima umeshindwa kutunza sufuria.

Akatoka na simu mbele yake kama mtu anayepima joto la kijiji. Alipita lango kwa lango. Kwa shemeji yake Eliakim, mdogo wa marehemu, alisimama langoni akahesabu hadi sitini. Kimya. Hakuingia ndani; mtu mwenye heshima hawapekui watu wake. Kwa Priska nako kimya, lakini alipoangalia kumbukumbu ya simu, ilionyesha wazi kuwa kidude kilisikika mara ya mwisho uani kwa Priska. Basi akapitisha hukumu: kimya cha kwa Eliakim ni usafi wa moyo, na kimya cha kwa Priska ni ujanja.

Jumapili, baada ya ibada, watu walisimama nje kwenye mnada wa sadaka. Mkungu wa ndizi ulikuwa umepanda bei na jogoo alikuwa bado anabishaniwa, Mwalimu alipomsogelea Priska.

"Priska, Askofu iko wapi?"

"Shikamoo kwanza, Mwalimu."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Tuliirudisha kwenu wiki ileile ya msiba."

"Kwetu nimepita, hakuna. Simu yangu inasema iko kwako."

Mnadishaji akanyamaza. Hata jogoo alinyamaza.

"Simu ndiyo inasema?" Priska alishika kiuno. "Basi iite ije itoe ushahidi! Sufuria ile inaingia watu wawili wamekaa, Mwalimu. Nimeificha wapi, chini ya kitenge?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakuzoea darasa kucheka bila ruhusa yake.

"Elimu haidanganyi," alisema kwa sauti ya darasani. "Mtu ndiye anayedanganya."

Hapo kicheko kikakatika. Kumwita mtu mwongo kwenye ngazi za kanisa, tena aliyetoka kuzika, si jambo dogo. Priska aliinua mkoba wake na kuondoka bila kununua kitu, na wanawake watatu wakamfuata.

Alhamisi Mwalimu akaamua kwenda kwa Priska rasmi, na kwa jambo la namna hiyo mjane huandamana na mwanaume wa ukoo. Akaenda kumchukua Eliakim. Mbwa tu ndiye aliyekuwa nyumbani, ila nyuma ya migomba moshi ulikuwa unafuka, na pamoja na moshi ilikuja harufu ya ndizi zilizochachuka na ulezi. Akaifuata.

Eliakim alikuwa amechuchumaa akikoroga. Alichokuwa anakoroga kilikuwa pombe ya mbege, na mbege ilikuwa ndani ya Askofu. Jina la ukoo lilitazama upande wa njia, limepambwa kwa povu. Mfuko wa turubai ulining'inia kwenye mgomba, hatua mbili kutoka kwenye simu ya Mwalimu. Simu haikusema lolote.

"Karibu, shemeji," Eliakim alisema, kisha akauona uso wake na kusimama.

"Hiyo ni nini?"

"Wakwe zake Priska waliileta ukiwa Uru. Nikaipokea. Nikasema nikutunzie."

"Na ulezi ulifikaje humo?"

"Pipa langu lilipasuka, shemeji. Nayo ilikuwa imekaa bure." Akafikiri kidogo. "Na hii mbege ni ya kipaimara hichohicho. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, bado iko kwenye kazi ya kanisa."

Mwalimu alikaa juu ya gogo, na soksi zake. Kisha, kwa kuwa hawezi kuona jambo lililoshindikana bila kutaka sababu, alikifumua kidude kwenye mfuko wa turubai na kumpigia Rachel.

"Betri ni mpya, Mama?"

"Mpya kabisa. Na kali. Sijawahi kuona betri chungu kama hiyo."

"Mama, umejuaje kuwa ni chungu? Umeilamba?"

"Sikuilamba."

"Mama."

"Kidogo. Kwa ajili ya uchunguzi."

Alisikia binti yake akicheka kwa mbali, kama aliyeiweka simu mezani ili acheke vizuri. "Hizo zimepakwa dawa chungu makusudi, mtoto akitia mdomoni ateme asije akaimeza. Huo mpako unazuia umeme kupita kwenye vidude vingine, na chako ni kimojawapo. Kinalia ukikikandamiza, ukikitikisa kinakufa. Chukua spiriti uifute ukingoni. Uchungu si nguvu, Mama. Ni rangi tu."

Eliakim hakuwa na spiriti, lakini alikuwa na chupa ya gongo ambayo, alisema, ilikuwa ya kuchua mgongo. Mwalimu alilowesha leso, akaisugua betri, akairudisha mahali pake. Simu ikalia palepale, kwa bidii, migombani kwa shemeji yake, ikatangaza kwa kuchelewa sana mahali mwizi alipo.

"Sikiliza, shemeji," Eliakim alisema kwa sauti ya chini. "Mbege naihamishia kwenye ndoo. Askofu tunaiosha, tunaipeleka kwenye korongo la nyuma kwa Priska. Kesho unapita na simu yako, inalia. Nani atauliza?"

Ukweli ni kwamba Mwalimu aliliona korongo, akaona na njia ya kufikia, akaona jina la Isack likirudi stoo bila tone la povu. Kisha akasikia tena lile neno alilolitupa kwenye ngazi za kanisa, nalo lilikuwa limetoka kinywani mwake, tena kwa sauti ya darasani.

"Isugue hiyo sufuria hadi ujione," alisema, akainuka. "Na unikatie isale."

Mchaga akipelekewa isale, lile jani refu la mpakani, na mtu aliyemkosea, hana njia ila kusamehe. Na mwenye kulibeba hana njia ila kuonekana. Wengi huchagua saa ambayo njia ni nyeupe. Mwalimu Eliona alichagua Ijumaa, siku ya soko, saa nne asubuhi, kwa kuwa kosa lake nalo lilikuwa na watazamaji. Alivaa gauni la Pasaka. Alilishika jani wima mbele ya kifua, limefungwa fundo, akapita kati ya wauza ndizi, nao wakanyamaza safu kwa safu kadiri alivyowapita.

Priska alikuwa anamenya ndizi uani. Aliliona jani kabla hajamwona mbebaji, kisu kikamponyoka.

"Mwalimu? Wewe?"

"Mimi. Nilikuita mwongo, na uliyosema yalikuwa kweli. Askofu ilikuwa kwetu. Simu haikuwa na kosa, betri haikupatana na kidude, na betri niliichagua mwenyewe." Alimnyooshea jani. "Tena ilikuwa na mbege ndani."

Mdomo wa Priska ulitetemeka. Alipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akaliweka juu ya kizingiti. "Yameisha," alisema. "Sasa nipe dakika moja nicheke, halafu uingie unywe mtori."

Alicheka zaidi ya dakika moja. Mwalimu alisubiri, mgongo umenyooka. Kisha alifungua mkoba akatoa ufunguo wa stoo.

"Na huu. Nyumba yangu imeshindwa. Nataka vyombo vikae kwako, nitamwambia Magdalena mwenyewe."

Priska alirudi nyuma hatua mbili. "Kwangu? Sufuria kumi na mbili? Na masizi yote yale?"

"Ni heshima, Priska."

"Heshima gani, Mwalimu! Kuamshwa na kila mwenye msiba, kugombana na kila mwenye harusi, kuhesabu mifuniko! Magdalena amezunguka nyumba kwa nyumba wiki nzima akitafuta wa kuzichukua. Elisifa alisema ana mgongo. Goodness alisema anahama. Monica alisema bora arudi Katoliki alikozaliwa." Akamkunjia vidole vya Mwalimu juu ya ufunguo, akavibana. "Kila Jumapili tunakuombea maisha marefu. Ulidhani ni kwa sababu gani?"

Mwalimu Eliona aliutazama ufunguo. Miaka yote hiyo aliulinda kama mtu alindaye dhahabu, na kumbe hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kuukodolea jicho. Alikunywa mtori, mabakuli mawili, na ulikuwa mtamu.

Aliporudi kupitia sokoni, amesamehewa na amekasirika, wauza ndizi hawakuweza kujizuia. "Shikamoo, Mwalimu. Vipi, Priska amesemaje?"

"Marahaba. Amenisihi niendelee kutunza vyombo," alijibu, wala hakusimama.