Neno la Baba kwa Oda

Ni mimi. Ile hotuba iliyoliza ukumbi mzima pale Nyamagana, ambayo baba wa binti aliisoma huku kashika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kuku asiyemwamini, niliiandika mimi, jikoni kwangu Buswelu, nikiwa na kanga kiunoni na nyingine kichwani. Na nyingine nyingi pia. Nimekana kwa shangazi zangu, nimekana kwa washereheshaji, nimekana kwa mkuu wangu wa kazi. Zaidi ya wote nimekana kwa baba yangu mzazi, ambaye ndiye alistahili kuambiwa wa kwanza.

Biashara yenyewe ni hii: naandika neno la baba. Katika sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa, inafika saa muziki unazimwa, na mzee ambaye maisha yake yote amezungumza na binti yake kupitia kwa mama yake anatakiwa kumwambia kitu cha moyoni mbele ya watu wenye sahani. Wengi husema, "Mimi sina mengi," wakakaa. Wengine humsukumia mdogo wao. Katika sendofu yangu mimi aliyesimama alikuwa baba mdogo, akazungumzia kupanda kwa bei ya saruji. Baba alikaa meza kuu akitazama keki.

Nina shahada ya fasihi. Kwa miaka mingi kipaji changu kimetumika katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja mjini, kuandika matangazo yanayoanza na "Mnatangaziwa". Kazi yangu iliyosomwa na watu wengi zaidi ilibandikwa kwenye mlango wa choo cha wafanyakazi. Kuna mtu aliiiba, nami nikahesabu hilo kuwa uhakiki mzuri.

Baba alikuwa bwana mifugo. Alizunguka vijijini kwa pikipiki ya serikali akichanja ng'ombe, na barua yake ya kustaafu imo kwenye fremu sebuleni kwake Buhongwa, juu zaidi ya picha ya harusi yake. Kwake dunia ina watu wa aina mbili: wenye mkataba na wanaohangaika. Mimi ananiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Kila Jumapili nikienda kumsalimia, shikamoo ikishajibiwa, swali ni lilelile.

"Mayu, mkataba vipi?"

"Upo, baba. Bado una mwaka."

"Mwaka ni mchache."

Kuhusu mambo ya mtandaoni alishafunga mjadala. Aliwahi kuagiza viatu kwa simu, vikaja vyote viwili vya mguu wa kushoto. Tangu hapo, kila anayeuza kitu mtandaoni kwake ni ndugu wa yule mtu wa viatu. Sasa ningeanzia wapi kumwambia kwamba bintiye msomi anauza maneno, tena ya kina baba?

Nilianza bila kukusudia. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anamuoza binti, akaja kunigongea.

"Mwalimu, wewe umesoma," akasema. Mimi si mwalimu, lakini mtaani kwetu ukivaa miwani unakuwa mwalimu. "Niandikie maneno. Yawe ya kisomi."

Nikamwandikia ya kisomi, Mungu anisamehe. Kulikuwa na ua lililochanua, kulikuwa na safari ya maisha, kulikuwa na sentensi moja iliyohitaji watu wawili kuisoma. Siku ya sherehe nilikaa meza ya majirani nikamtazama akiipanda sentensi ile kama mtu anayepanda mlima wa mawe kwa ndala. Binti alimtazama kwa huruma. Watu walipiga makofi ya adabu, yale yanayokwisha yote kwa pamoja.

Nilikwenda dukani kwake kuomba radhi. Alikuwa anampimia mteja misumari.

"Hayakuwa mabaya," akasema. "Ila mimi nilitaka kusema ile habari ya ufunguo."

"Ufunguo gani?"

Akaniambia. Binti akiwa shule ya msingi alipoteza ufunguo wa duka. Baba akafoka, akamwambia akae pale kizingitini mpaka fundi wa makufuli apatikane. Aliporudi jioni na fundi, alikuta foleni. Mtoto alikuwa anamwambia kila mteja, "Baba anakuja sasa hivi, shika nafasi yako," na hakuna aliyethubutu kuvuka barabara kwenda duka la pili.

"Tangu siku ile," akasema jirani, akifunga misumari kwenye gazeti, "sijawahi kuwa na wasiwasi na huyu mtoto."

Nilisimama pale kama nimemwagiwa maji. Hotuba ilikuwepo muda wote, mimi nikaifukia chini ya ua lililochanua.

Kwa hiyo sasa simuulizi mzee anampenda vipi binti yake. Ukimuuliza hivyo atakwambia mtandao unakatika. Namuuliza: mara ya mwisho kumkasirikia ilikuwa lini? Hapo wanafunguka. Wanaanza na hasira, wanapita kwenye kicheko, halafu kunakuwa na kimya, na kile wanachosema baada ya kimya ndicho ninachokiandika, kwa maneno yao, na makosa yao yote. Mvuvi mmoja wa Ukerewe alinitumia sauti akiwa majini, injini ya mtumbwi ikinguruma nyuma. "Dada, arikuwa mkaidi huyu!" alipiga kelele. Aliendelea hivyo mpaka injini ikazimwa, nikasikia maji yakipiga ubao. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa nani atanikaidi?" Niliandika hivyohivyo. Sikuongeza kitu.

Ukurasa wa mtandaoni alinifungulia mdogo wangu wa mwisho. Aliweka picha ya kipaza sauti kwa kuwa nilikataa sura yangu, akanilazimisha kununua laini ya pili kwa ajili ya wateja.

"Dada, huwezi kuuza umejificha uvunguni."

"Wanaonunua nao wamejificha uvunguni," nikamwambia. "Tunakutana hukohuko."

Na kweli wateja wakaja, baba mmoja akimnong'oneza mwenzake. Muda wao ni Jumamosi, siku ambayo wazee huwa nyumbani na wake zao wako kwenye vikao vya kamati. Siku nyingine nilifika ukumbini kama mwalikwa wa kawaida na kumsikia mzee akisoma maneno tuliyohangaika nayo wiki nzima. Siku moja shangazi yangu alinipiga kiwiko.

"Unajua haya wananunua siku hizi? Kuna mwanamke mtandaoni anawaandikia."

"Makubwa!" nikasema, nikaendelea na ndizi zangu.

"Atakuwa hana kazi, maskini."

"Atakuwa hana, shangazi."

Mwaka huu mkataba wangu ukafika mwisho. Mkuu wangu, mtu mwema anayependa kuniita mtaalamu wa lugha, akaniambia chuo kinaanza masomo ya Jumamosi. Nichague: mkataba kamili, Jumatatu hadi Jumamosi, au mkataba mdogo, Jumatatu hadi Jumatano, na mshahara nao mdogo. Nikichukua wa kwanza, kina baba wangu wa Jumamosi basi tena. Jibu alilitaka Jumatatu ya wiki ya pili.

Nilijua ninachotaka. Shida ni kwamba nina umri wa miwani ya kusomea na bado siwezi kusaini kitu ambacho baba hajakikubali. Mume wangu alinishauri nimwambie tu. Yeye anatoka Mara, kwao wanaambiana mambo usoni, kisha wanakula. Sisi tunazunguka kwanza. Basi Jumapili ile nikaenda Buhongwa, nikazunguka.

"Baba, kazini wamesema naweza kufanya siku tatu."

Akaweka chini kikombe cha uji. "Siku tatu ni kibarua, mayu. Na hizo zinazobaki?"

"Nitapumzika kidogo."

"Ng'ombe akianza kupumzika siku nne kwa wiki, mimi nilikuwa namwita mchinjaji."

Mama akacheka jikoni. Mimi nikacheka pia, kicheko cha uongo, na habari ikaishia hapo. Baba alinisindikiza mpaka barabarani.

Na juu ya hilo kulikuwa na lingine. Anayeolewa safari hii alikuwa huyuhuyu mdogo wangu wa mwisho, aliyenifungulia ukurasa. Kamati ilipouliza nani ataongea kwa niaba ya wazazi, baba alijibu kama alivyojibu zamani: baba mdogo ataongea. Mdogo wangu alikuja kwangu macho yamevimba.

"Umewaandikia kina baba wa Mwanza nzima," akasema. "Wangu mimi atakaa kama mgeni rasmi?"

"Nimwambieje bila kujitaja?"

"Basi jitaje!"

Sikujitaja. Jumapili iliyofuata, ile ya mwisho kabla ya kujibu kazini, hata Buhongwa sikwenda. Nilisingizia mafua. Alasiri nilikuwa napara sato kwenye beseni, magamba mpaka kwenye nyusi, simu ikaita. Laini ya wateja. Nikaibonyeza kwa kiwiko, nikaweka sauti ya nje.

"Haloo. Hapo ni kwa mwandishi?"

Ilikuwa sauti ya baba. Namba yangu ya kawaida anayo, huipiga kila siku kuuliza kama nimekula. Hii hakuwahi kuwa nayo.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mama. Namba hii nimepewa na binti yangu wa mwisho. Anaolewa. Nasikia wewe unaandika."

Alisema mama, hakusema mayu. Mtu aliyeweza kumjua ndama kwa mlio wake hawezi kupotea kwa sauti ya mwanawe. Nikakaa juu ya ndoo, kisu mkononi.

"Naandika, mzee."

"Ni kazi halali hiyo?"

"Halali kabisa."

"Na watu wanarudi?"

"Kuna mmoja nimemwandikia kwa mabinti watatu."

"Eeh." Akafikiri. "Huyo kajaliwa mabinti. Haya, niulize. Nasikia huwa unauliza."

Swali lilitoka lenyewe, kwa mazoea. "Mara ya mwisho kumkasirikia ilikuwa lini, mzee?"

"Huyu wa mwisho simkasirikii, nimeshamharibu. Labda zamani. Nilitenga ndama nimchanje, yeye akamfungulia, eti analia. Nimemtafuta ndama yule mpaka giza. Nikasema, mtoto huyu moyo wake maji matupu, mji hatauweza." Akakohoa. "Sasa anaondoka, na anayelia kama ndama ni mimi. Hilo la kulia usiliandike."

"Mzee, hilo ndilo neno lenyewe."

"Litoe."

"Nitaliweka mwisho kabisa, ukifika hapo utaamua."

Akaguna, mguno ninaoujua, wa mtu aliyekubali na hataki ionekane. Nilidhani amemaliza. Nikamsikia akivuta kiti.

"Ninaye na mkubwa," akasema. "Huyo siku yake sikusema kitu. Nilimwachia mdogo wangu, akaongea habari za saruji."

Sato mmoja akateleza, akaanguka sakafuni.

"Huyo nimemkasirikia juzijuzi tu. Ananificha jambo kama mimi ni polisi."

"Labda aliogopa, mzee."

"Aliogopa nini?"

"Kuchekwa."

"Ningemcheka, ndiyo. Siku moja. Kesho yake ningemuuliza kazi inaendaje. Sasa mama, malipo?"

"Kwa mzee kama wewe tutaelewana, nitakupunguzia."

"Usinipunguzie! Ukiwapunguzia wazee wote utafunga. Ila mimi maneno yangu yanatoka polepole, simu haitoshi. Itabidi tukae, uje na daftari. Jumamosi nina kikao cha kanisa. Alhamisi asubuhi unakuwa kazini?"

Nikatazama magamba mikononi mwangu, nikaitazama simu.

"Hapana, mzee," nikasema. "Alhamisi nina nafasi. Kuanzia sasa Alhamisi zote nina nafasi."

"Basi njoo mapema, uji uwe wa moto," akasema. "Haya, mayu."

Akakata.