Soko Lililoanza kwa Handaki

Soko letu, juu ya mji wa Embu kuelekea msituni, halikuanzishwa na wafanyabiashara, ingawa shuleni tulifundishwa hivyo na tukapewa alama kwa kukubali. Nyanya yangu, tunayemwita cucu, alikuwepo, msichana mdogo. Wakati wa vita vya kupigania uhuru, Wazungu walichoma nyumba za kwao mlimani, wakawakusanya hapa, na kina mama wakalazimishwa kuchimba handaki kuzunguka kijiji na kusimika ndani yake vijiti vilivyochongwa ncha. Filimbi ikilia, kila mtu ndani. Aliyekutwa nje alipigwa risasi. Siku hizi handaki hilo ni mtaro wa maji machafu nyuma ya bucha, na watu wananunua nyama hapo bila wasiwasi wowote.

Sasa akili ya cucu inatoka na kurudi. Siku moja ya soko nilimwachia mwanangu, ambaye alikuwa hajaanza kutembea, nikatoka kuanika nguo. Askari wa soko wakaja kufukuza wachuuzi wa barabarani, wakipuliza filimbi. Niliporudi ndani, kiti cha cucu kilikuwa kitupu na mtoto hayupo.

Niliita, nikakimbia hadi barabarani, nikawatukana wale askari ambao hata hawakujua kosa lao, nikarudi. Ndipo nikasikia kitu kikikwaruza chini ya kitanda.

Cucu alikuwa amelala huko, amemkumbatia mwanangu, kiganja kimemziba mdomo na pua. Miguu midogo ilikuwa ikipiga sakafu, tena bila nguvu.

"Cucu, mwachilie."

"Nyamaza, mama," akaninong'oneza. "Watatusikia."

Aliniona mimi ndiye mama yake. Niliuvuta ule mkono, haukubanduka. Ni mkono uliolima maisha yote. Sijawahi kuogopa hivyo. Sijui akili niliitoa wapi, nikalala kifudifudi sakafuni, nikamwambia kwa Kiembu, polepole, "Wameenda, mwanangu. Nimetoka kuchimba. Nipe mtoto."

Akamwachilia. Mtoto alivuta pumzi, kisha akalia hadi majirani wakaja mlangoni.

Cucu alitusikiliza, machozi yakimtiririka.

"Leo analia," akasema. "Siku ile nilikupa mtoto akiwa kimya, nikadhani amelala."

Maisha yake yote ametuambia kwamba kwao yeye ndiye kitindamimba, hakuna aliyemfuata.