Brashi na Tairi la Kapteni

Siku Brashi aliposukuma mlango wa duka la baiskeli la aliyekuwa mume wake, alikuwa na rangi nyeupe kwenye kucha na hasira kwenye koo, na vyote viwili vilikuwa bado vibichi.

Kwenye kaunta alikaa dada wa huyo mume, akipangusa kengele za baiskeli kwa kitambaa.

"Karibu wifi," alisema, kisha akajishika mdomo kwa madaha. "Jamani, nisamehe. Nasahau kila mara. Siku hizi mimi na wewe si kitu."

"Nihudumie tu, inatosha," Brashi akamjibu. "Nataka GPS ya baiskeli, mashine ya kuonyesha njia. Zote mlizonazo, nizione."

Wifi aliweka kitambaa chini. Kisha akageuza shingo kuelekea stoo na kuita kwa sauti ya kuimba, "Kakaaa! Njoo umuone mgeni wako!"

Brashi alikuwa fundi rangi. Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake tangu hajaota kifua, na mpaka sasa, binti yake mwenyewe akiwa ameshaolewa na kuhamia mbali, alikuwa bado akienda kazini kwa baiskeli, rola zimefungwa kwenye bomba la katikati, ndoo inaning'inia nyuma ikigonga-gonga. Ujanani alipita na ndoo hiyo mtaa hadi mtaa mpaka watu wa chama cha baiskeli wakamzoea, wakamwalika, na huko ndiko alikokutana na Kapteni.

Kapteni ndiye aliyekuwa akitangulia kwenye safari zote za chama. Alikuwa na mapaja kama ya farasi na sauti ya kuamrisha, na neno lake lilikuwa moja: "Fuata tairi langu." Brashi akalifuata. Alilifuata milimani, alilifuata hadi kwenye ndoa, na nyumbani nako akaambiwa afuate tairi. Pazia la kununua, shule ya mtoto, ndugu wa kutembelewa na wa kukwepwa, yote Kapteni alikuwa ameshaamua kabla chai haijapoa. Miaka ikaenda hivyo.

Kilichovunja ndoa ni mvua. Walikuwa wawili tu, mbali na mji, njia imekuwa tope, na mnyororo wa Brashi ukatoka. Alipiga kelele. Kapteni aligeuka, akamwona ameinama, akaendelea kukanyaga pedeli. Brashi alipomaliza kuurudisha mnyororo, mbele yake palikuwa na njia mbili na hapana tairi la kufuata. Akachagua, akakosea, akaishia kwenye machimbo ya kokoto ambako mbwa wawili walimpandisha juu ya lundo la mawe na kumweka huko mpaka mlinzi alipomaliza chakula chake. Alifika nyumbani anatetemeka. Kapteni alikuwa ameshaoga, anakula.

"Ungefuata tairi langu usingepotea," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

Wiki ile ile Brashi alipakia ndoo zake, rola zake, na ngazi yake, akaenda kupanga chumba upande wa pili wa mji.

Sasa chama kilikuwa kimetangaza safari mpya ya kuvuka milima, siku mbili, bila kiongozi, bila vibao, bila gari la kuokota waliochoka. Kila mtu angepewa ramani ya njia, aiingize kwenye mashine yake mwenyewe, na ajijue. Brashi alijiandikisha siku ya kwanza. Kapteni alipoona jina lake alicheka mbele ya watu. "Huyo? Atafuata harufu ya rangi?" Maneno hayo yalimfikia Brashi kabla ya magharibi, na yalimkata maini.

Kwanza alijaribu simu. Aliifunga kwenye usukani kwa mpira, na kwenye jua kali hakuona kitu ila uso wake mwenyewe. Chaji ikaisha kabla hajamaliza hata mzunguko wa mji, na kwenye shimo moja simu ikaruka, ikalala kifudifudi barabarani. Na msimamizi wa safari alishasema simu peke yake haikubaliki. Duka lililouza mashine za baiskeli mjini lilikuwa moja tu. Ndiyo maana alikuwa amesimama pale, mbele ya wifi asiye wifi, akimsikiliza Kapteni anavyoburuta ndala kutoka stoo.

"Kumbe ni kweli," Kapteni alisema. Alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, kama mtu anayekagua baiskeli ya mtumba. "Umekuja kununua akili."

"Akili ninayo. Nimekuja kununua mashine."

Kapteni alifungua kabati la kioo na kutoa moja kubwa, nyembamba, kioo chake kipana chenye rangi za kung'aa. "Hii ndiyo ninayotumia mimi. Ramani nzima ya dunia imo humu. Unagusa tu." Akaigusa kwa kidole kimoja, milima ikatokea, mito ikatokea.

Brashi aliiinua kwenye mwanga, akaigusa. Haikumsikia. Akagusa tena, akabonyeza kwa nguvu. Vidole vyake vilikuwa vimekomazwa na msasa na tina ya kuoshea brashi, ngozi yake ngumu kama kisigino. Ramani ilikaa palepale.

Wifi alicheka puani. "Hata mashine inachagua watu."

"Niletee maji," Brashi akamwambia.

"Ya kunywa?"

"Ya kunyunyizia. Milimani kuna mvua. Na niitoe nje, niione kwenye jua."

"Kitu cha dukani kwangu hakitoki nje wala hakilowi," Kapteni alisema. Lakini chupa ya kunyunyizia ilikuwa pale pale kaunta, ile ya kufutia vioo, na Brashi alikuwa ameshaishika. Matone machache tu yalipoangukia kioo, ramani ikaanza kwenda yenyewe, kushoto, kulia, ikajifunga, ikajifungua. Kapteni aliinyakua na kuifuta kwa fulana yake.

"Unaniharibia mali!"

"Ile pale ya chini," Brashi alisema. "Nyeusi."

Ile nyeusi ilikuwa ndogo, nene, mbaya kwa sura kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ilikuwa na vitufe pembeni. Kioo chake hakikuwa na rangi. Kilionyesha mstari mmoja wa njia na mshale mmoja wa mahali ulipo. Brashi alibonyeza kitufe, kikabofyeka na kumjibu. Aliinyunyizia maji, haikushtuka. Akaenda nayo hadi mlangoni, nusu ndani nusu nje, Kapteni akimfuata nyuma kama askari. Kwenye jua ule mstari ulizidi kuonekana. Akauliza betri inakaa kiasi gani, na wifi, bila kutaka, akajikuta amejibu kwamba ile inakwenda siku mbili bila kuguswa, wakati ile kubwa inaomba chaji kila jioni.

"Ukiacha njia inafanyaje?"

"Inalia," wifi akasema.

"Basi naichukua hii."

Kapteni alimnyang'anya mkononi. "Hiyo ni ya watoto. Haina hata majina ya barabara. Ukipotelea huko juu watu watasema ni mashine ya kwangu. Siuzi."

"Huuzi?"

"Siuzi. Kwako siuzi. Nenda kapake kuta."

Kulikuwa na mteja mmoja anayejaribu kofia mbele ya kioo. Aliivua taratibu akajifanya anasoma kibandiko ndani yake. Brashi alimwangalia Kapteni machoni mpaka Kapteni akageukia pembeni, kisha akatoka na kuubamiza mlango hadi kengele zote za kaunta zikalia.

Kesho yake alikuwa juu ya ngazi, anapaka dari ya ukumbi wa zahanati, aliposikia viatu vya mwanamke chini. Alikuwa wifi. Mkononi alishika boksi.

"Shuka uchukue, sina siku nzima."

Brashi alishuka. Ndani ya boksi ilikuwa ile nyeusi, pamoja na kishikio chake cha usukani na risiti iliyopigwa muhuri. Akamtazama yule mwanamke bila kuelewa.

"Usinishukuru," wifi alisema. "Mimi sikupendi, sikuwahi kukupenda, na ulivyoondoka ulimwachia mama yangu aibu. Lakini lile duka baba alituachia wawili, na yule ananikalisha kaunta kama kijakazi. Yeye hawezi kusema 'siuzi' peke yake. Nilipe niende."

Brashi akamlipa. Hawakuagana.

Mashine ile alijifunza mwenyewe, kwa hasira na kwa kukosea. Aliingiza njia ya kwenda kazini, akageuka kona isiyo yake makusudi ili aisikie inavyolia. Ililia kama kifaranga. Alijua kukuza ramani kwa dole gumba bila kuangalia, na alijua kwamba kwenye majengo marefu mshale huchelewa, usiuamini mpaka utulie. Jioni alifuata njia za ajabu ajabu kando ya mji, peke yake, akirudi na vumbi hadi kwenye kope.

Siku ya safari ilipofika, Kapteni alipita karibu yake kwenye mstari wa kuanzia, akaiona ile mashine nyeusi kwenye usukani. Uso wake ulibadilika rangi. Aligeuka kumtafuta dada yake, aliyekuwa pembeni anagawa maji, na dada yake akamwinulia chupa moja kama anayemtakia afya njema.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili, kwenye msitu wa miti ya mbao, ukungu ulishuka mzito, na manyunyu ya mvua juu yake. Njia za kusafirishia magogo zilikatana kama nyufa za ukuta mbovu. Brashi alikwenda polepole, macho kwenye ule mstari. Kisha akasikia mlio wa gia nyuma yake. Alipunguza mwendo ili huyo mtu apite. Hakupita. Akageuka.

Alikuwa Kapteni. Amelowa chapachapa, na kwenye usukani wake ile mashine kubwa ilikuwa imeingia wazimu: ramani inaruka, inajifunga, inajifungua, naye anaifuta kwa mkono wa jaketi uliolowa zaidi kuliko kioo chenyewe.

"Pita," Brashi alimwambia.

"Endelea tu. Sina haraka."

"Wewe? Huna haraka?"

Walikwenda hivyo, Brashi mbele, Kapteni nyuma. Walipofika mahali njia tatu zilipokutana, Brashi alisimama, akateremsha mguu chini. Kapteni naye akasimama.

"Chagua," Brashi alisema. "Si wewe ndiye Kapteni?"

Kapteni alitazama njia zote tatu. Zote zilimezwa na ukungu hatua chache mbele. Maji yalimdondoka kwenye kidevu.

"Acha utoto."

"Basi sema umepotea. Neno moja tu."

"Nipotee mimi? Mlima huu naujua kabla wewe hujajua kushika usukani!"

"Vizuri. Nenda."

Hakwenda. Walisimama pale wakitazamana kwa chuki iliyokomaa, pumzi zao zikitoka kama moshi. Ilimjia Brashi kwamba angeweza kumpoteza. Angekata kona kwenye njia ya uongo, akanyage kwa nguvu, amzungushe miongoni mwa miti, amwache huko na mashine yake kichaa. Roho yake ilitamani kabisa, wala hakujidanganya kwamba haikutamani. Lakini kumpoteza kungemlazimu naye aiache njia yake, na njia alizoziacha kwa ajili ya huyu mwanamume zilikuwa zimeshatosha. Akatazama mshale, akakata kulia, akaenda. Nyuma yake mlio wa gia ukafuata.

Walipotokeza kwenye lami, ukungu ukabaki juu na mji ukaonekana chini. Kapteni alichomoka kama aliyechomwa sindano, akampita bila kumtazama, akateremka.

Brashi alipofika mwisho, watu walikuwa wamemzunguka Kapteni wakimpigia makofi. Msimamizi wa safari, mzee mpole wa kupenda amani, alimjia amekunjua mikono. "Pole na mlima, mama. Una bahati Kapteni alikuwepo. Ametuambia alivyokusindikiza kwenye ukungu, amekaa nyuma yako makusudi usije ukapotea."

"Alinisindikiza?"

"Mama wa mtoto wangu," Kapteni alisema kwa unyenyekevu wa kuigiza. "Ningemwachaje?"

Brashi aliilaza baiskeli chini. "Nilikwambia upite ukashindwa. Nilikwambia uchague njia ukashindwa. Mashine yako ilikuwa inacheza ngoma kwa mvua, ukaning'ang'ania kama kupe. Waambie hayo."

Wengine walicheka, wengine wakatazama viatu vyao. Kapteni alitikisa kichwa. "Uchungu wa kuachwa ni mbaya, jamani."

"Kuachwa? Niliondoka mwenyewe, mchana kweupe, na ngazi yangu begani!"

Hapo Kapteni akamgeukia dada yake, aliyekuwa akigawa maji tena. "Na hiyo mashine aliipata wapi?"

"Kwangu," wifi alisema. "Na risiti nimempa. Unataka tuyaongee hapa au kwa wakili?"

Waliyaongea hapo hapo, na kwa sauti, mpaka watu wakaanza kukusanya vitu vyao na kuondoka mmoja mmoja.

Mpaka leo nusu ya chama inaamini maneno ya Kapteni, kwa sababu Kapteni anajua kusimulia. Duka limefungwa, kaka na dada wanaburutana mahakamani, na kila mmoja anasema ni kosa la Brashi. Brashi na wifi wakikutana sokoni kila mmoja anageukia mboga zake.

Yule msimamizi hakukata tamaa ya kuwapatanisha. Asubuhi moja alimfuata Brashi kazini, akasimama chini ya ngazi ameinua shingo. "Mama, mimi ni mtu mzima, nakuomba. Nimeshaongea naye. Mje ofisini kwangu, mpeane mikono tu, yaishe."

"Amesema atawaambia watu ukweli?"

Mzee alikohoa. "Amesema yuko tayari kukusamehe."

Brashi alichovya brashi ndani ya ndoo, akaikung'uta ukingoni.

"Sogea kidogo, baba," alisema. "Rangi itakudondokea."